Vuli Chini ya Ngome ya Njovu

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo tumeanza kazi kule juu kwenye ngome. Gibson, yule kijana wa ofisi ya mambo ya kale, alimkabidhi Mzee Nyongesa daftari jeusi akamwambia kila jioni aandike tulichofanya, kwa sababu jengo lenye miaka zaidi ya mia haliguswi hivi hivi. Mzee Nyongesa ndiye fundi mkuu wetu. Alilifungua, akalifunga, akanipa mimi.

"Binti, wewe una mwandiko mzuri. Andika."

Mimi nina miaka arobaini na nne. Nimekuwa fundi wa mawe miaka kumi na tisa. Kati ya mafundi sita wa kazi hii mimi ndiye mwanamke pekee, basi nikajua kilichoangaliwa si mwandiko. Nikaandika mistari minne ya ofisi. Hili daftari la pili nimelinunua mwenyewe njiani, kwa ajili ya mambo yasiyoenea kwenye mistari minne.

Nieleze ngome ilivyo, maana hata watu wa Voi wengi huiona kila siku na hawajawahi kuipanda. Iko juu ya Kilima cha Njovu, na ukisimama pale mji wote uko chini yako: stesheni ya zamani, reli mpya ikipita juu ya nguzo zake, mashamba ya katani, mlima Sagalla upande wa kusini, na barabara ya Taveta ikipotelea vichakani. Ilijengwa 1915. Wajerumani walikuwa wamevuka mpaka wakaichukua Taveta, na vikosi vyao vilikuwa vikipita porini kutega mabomu kwenye reli. Mwingereza alitaka mahali pa kuiona reli kabla ya adui kuifikia. Ndiyo sababu ya ngome: ukuta wa mawe wa mviringo wenye matundu ya bunduki, birika la maji, na mnara mfupi.

Upande wa mjini kilima kina mteremko mkali, kwa hivyo walijenga ukuta mkubwa wa kushikilia udongo wa ua. Urefu wake ni hatua ishirini na nne, kimo chake watu wawili na nusu. Ukuta huo umevimba katikati kama tumbo. Sisi tumeletwa kuutengeneza kabla vuli haijakolea.

Langoni kuna kibao chenye kutu: NGOME YA WAINGEREZA. Gibson anasema kazi ikiisha ataweka kipya.

Jumanne, 14 Oktoba

Kusafisha magugu. Joto kali. Wingu hakuna.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nyumba iliyo karibu zaidi na ukuta ni ya mama mmoja mjane, Philister. Ni mtu wa Homa Bay; mumewe alifanya kazi ya reli hapa Voi miaka ishirini na mitatu, akafa, na mama akabaki. Anapika samaki na chapati kwenye jiko lake la mabati nyuma ya nyumba, na tangu tuje sisi ndio wateja wake wa saa saba.

Leo aliniuliza, "Mnautengeneza au mnaupaka rangi?"

Nikamwambia tunautengeneza.

"Kwa sababu mimi naamka nikiuona huo kabla sijamwona Mungu."

Jumamosi, 18 Oktoba

Mhandisi wa kampuni iliyotupa kazi, Mwangangi, amekuja na michoro. Anataka kila kiungo kati ya mawe kijazwe simiti, uso mzima, juu mpaka chini. Nikamuuliza matundu ya kutolea maji yatakaa wapi. Akasema hayapo kwenye mchoro. Uso ukiwa umefungika vizuri maji hayataingia.

"Maji hayaingilii usoni," nikasema. "Yanaingia kwa juu, uani, yanashuka nyuma ya ukuta."

Mhandisi alimtazama Mzee Nyongesa. Mzee Nyongesa akaniambia, "Binti, nimejenga daraja za reli kabla hujazaliwa. Shika mwiko wako."

Nikashika.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Hakuna kazi. Lewis, mume wangu, kafunga gereji mapema tukala pamoja.

Alhamisi, 23 Oktoba

Viungo vimekwisha kujazwa. Chini kabisa ya ukuta, kwenye mstari wa kwanza wa mawe, wale wajenzi wa zamani walikuwa wameacha nafasi saba, kila moja ya kupitisha mkono. Leo Mzee Nyongesa ameziziba zote saba kwa simiti. Nilisimama karibu yake na karai nikamwona. Nilimwambia mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba hizo si nyufa. Hakugeuka.

Kwenye daftari la ofisi niliandika: Viungo vimejazwa. Sikuandika zaidi. Kazi za mawe zimekuwa chache mwaka huu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Manyunyu. Ukuta unang'aa, watu wanausifu.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Hatukufanya kazi.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Mchana ilipopumzika nilipanda kuangalia. Uani maji yamesimama mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nilishuka nikaenda mbele ya ukuta nikaweka kiganja: mkavu kabisa. Ukuta mkavu mbele na ziwa nyuma yake. Nilimpigia Mzee Nyongesa simu. Akasema kesho tutaona.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijui nianzie wapi, lakini nataka kuandika leo kabla watu hawajaanza kuisimulia kwa namna zao.

Tulifika saa mbili. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka. Mzee Nyongesa alikuwa wa kwanza kuona ufa: ulianzia juu karibu na mnara ukashuka kwa mshazari mpaka katikati ya lile tumbo, na ulikuwa mpya, simiti imepasuka kama ganda la yai. Alichukua nyundo na patasi akashuka mbio, mzee wa miaka sitini na sita, akapiga magoti kwenye tope akaanza kupasua simiti ya tundu la kwanza. Nikaelewa. Nikachukua patasi yangu nikaenda tundu la pili.

Nilipopasua la kwangu, maji yalitoka kwa nguvu ya bomba yakanipiga kifuani, mekundu, na kokoto ndani yake. Mzee Nyongesa akapaza sauti, "Toka hapo. Wote tokeni." Kisha akakimbia, na hakukimbilia njia yetu. Alikimbilia nyumbani kwa Philister.

Mimi nilimfuata. Philister alikuwa jikoni, anakanda unga. Mzee Nyongesa alimshika mkono bila salamu wala maelezo, akamvuta. Mama akawa anauliza nini, nini, mikono imejaa unga. Tulikuwa tumefika kwenye mgomba wa jirani niliposikia mlio. Haukuwa mlio wa kishindo. Ulikuwa kama lori linamwaga kokoto, ukaendelea, ukaendelea. Nilipogeuka, katikati ya ukuta hapakuwa na ukuta. Mawe yalikuwa yanateremka na udongo mwekundu, na moja kubwa kama ndama lilipita juu ya jiko la mabati, likalilaza chini, likasimama kwenye kona ya nyumba.

Hakuna aliyeumia. Naandika tena ili nilione mwenyewe: hakuna aliyeumia.

Philister alitazama pale jiko lake lilipokuwa. Alifuta unga kwenye leso. Kisha akamwambia Mzee Nyongesa, taratibu kabisa, "Wewe ulijua. Usingekuja mbio kama hukujua."

Mzee Nyongesa akasema, "Nilijua leo asubuhi, mama. Nilipaswa kujua zamani."

Ijumaa, 7 Novemba

Mhandisi Mwangangi amekuja, amepiga picha, ameondoka. Kampuni yake inataka ngome yote ibomolewe kwa tingatinga, ukuta na mnara na yote, kwa usalama wa wananchi. Siku mbili, kazi imekwisha. Mkutano ni Jumatatu kwa chifu.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya kanisa nilipanda ngomeni peke yangu. Nilitaka kuiaga, kusema kweli. Nilizaliwa Bura, kule milimani, na tulipokuja Voi mara ya kwanza nikiwa mdogo baba alinionyesha ile ngome kutoka stendi akasema ni ya Wazungu, twende. Nimekaa na maneno hayo miaka yote.

Pale ukuta ulipomeguka unaona ndani yake, kama mkate uliokatwa. Nilikaa juu ya jiwe nikatazama, na nilichukua muda kuamini nilichokuwa naona.

Mzungu, na sisi tuliosomea ufundi chuoni, hulaza jiwe refu upande wake mrefu uonekane mbele. Linapendeza na linamaliza kazi haraka. Haya hayakulazwa hivyo. Kila jiwe refu limeingizwa kichwa mbele, urefu wake wote umezama ndani ya udongo, na kinachoonekana nje ni uso mdogo tu. Ukuta wenyewe unalala nyuma kidogo, kama mtu anayesukuma mlango kwa mgongo. Na vijiwe vya kukazia vimepigwa kwa nyuma, si kwa mbele. Ndani hakuna simiti wala chokaa, ila juu tu walikoweka bunduki.

Mimi nimejenga hivyo. Si hapa Voi, wala hakuna mteja aliyewahi kuniomba. Nimejenga hivyo nikiwa na miaka minane, nikimpelekea baba vijiwe vya kukazia, kwenye matuta ya mawe yanayoshikilia shamba letu mteremkoni. Milima yote ya kwetu Dawida imeshikwa na mikono hiyo.

Nilipiga picha kumi na moja.

Jumatatu, 10 Novemba

Mkutano. Chifu, Mama Susan, aliuendesha nje ya ofisi yake. Watu walikuwa wengi kuliko viti.

Mwangangi alisema mvua ya mwaka huu si ya kawaida na mawe ya kale yalikuwa yamechoka. Watu wakaguna kumwunga mkono. Ndipo Mzee Nyongesa aliposimama na kuvua kofia.

"Mvua haina kosa," alisema. "Mawe pia hayana. Ukuta huu ulikuwa na njia saba za maji. Umesimama miaka mia na kumi. Mimi niliziziba kwa mkono wangu tarehe ishirini na tatu, na baada ya wiki mbili ukaanguka. Mchoro ulisema hivyo, ndiyo, lakini mchoro haushiki mwiko. Huyu fundi Immaculate aliniambia, nikamdharau. Nimezaliwa hapa Voi, kwenye nyumba za reli. Nimefanya kazi hii miaka arobaini na sita. Sijawahi kuangusha ukuta. Sasa nimeangusha."

Akakaa.

Mimi nilikuwa nimemchukia mtu huyu mwezi mzima. Nilikuwa nimepanga maneno yangu ya kumshitaki, na yote akawa ameyasema yeye. Nilisimama nikiwa sina la kusema ila langu mwenyewe. Nikasema, "Daftari la ofisi naandika mimi. Siku ile niliandika viungo vimejazwa. Sikuandika kwamba matundu yamezibwa, na niliona. Niliogopa kufukuzwa kazi. Kama ningeandika, Gibson angesoma akasimamisha kazi."

Gibson aliinamisha kichwa. Kisha akasema ofisi yake iko tayari kujenga upya, bila kampuni ile, ikiwa watu wanaoishi chini ya ukuta watakubali. Wakikataa, tingatinga.

Watu wote wakamtazama Philister.

"Mimi nimesikia makosa ya kila mtu," alisema. "Yamenisaidia nini? Nyinyi mnapenda historia. Mimi ninalala chini yake. Immaculate, ukijenga huo ukuta, wewe utalala wapi?"

"Nyumbani kwangu. Ikanga."

"Ah. Basi kujenga ni rahisi."

Alikuwa anageuka kukaa. Sijui maneno yalitoka wapi, maana sikuwa nimemwambia hata Lewis, ila niliyasikia yakitoka. "Nitalala kwako. Kuanzia siku jiwe la kwanza litakapolazwa mpaka vuli iishe. Chumba cha upande wa ukuta."

Philister alinigeukia. "Chumba hicho kinavuja," alisema.

"Nitaziba."

"Hilo la kuziba nimeshaona mnavyoliweza," akasema, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza, hata Mzee Nyongesa. Kisha akamwambia chifu aandike kwamba amekubali.

Jumanne, 11 Novemba

Lewis hakufurahi. Alikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akauliza, "Una hakika na huo ukuta?" Nikasema nina hakika na namna ulivyojengwa mara ya kwanza. Akaenda kulikunja godoro.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeenda Bura na Gibson. Nilikuwa nimemwonyesha picha, akasema ni jambo kubwa lakini karatasi za jeshi zinasema ngome ilijengwa na kikosi cha wahandisi wa Kiingereza. Nikamwuliza, "Waliochora au waliolaza mawe?" Akasema karatasi haitofautishi. Nikamwambia basi tupande mlimani.

Baba tulimkuta shambani anapalilia kabichi, ana hasira na nguchiro walioingia kwa kuku. Baba anaitwa Sylus, ana miaka sabini na tisa, na hapendi wageni wanaokuja bila kusema. Nilimpa simu aone picha ya ukuta ulivyokatika. Sikumwambia ni ya wapi. Gibson alikuwa ameniomba nisimwambie.

Baba aliisogeza simu, akaisogeza mbali, akatafuta miwani.

"Tuta la nani hili?" akauliza.

Nikasema tuta la mtu wa chini.

"Mbona limeanguka? Limejengwa vizuri. Tazama hawa walivyozamisha. Siku hizi hakuna anayezamisha hivi, vijana wanapanga tu kama vitabu." Akamrudishia Gibson simu, si mimi. "Ni maji. Mtu amelifungia maji. Nendeni mkamwambie mwenye shamba afungue."

Gibson alimwambia kwamba si shamba, ni ile ngome ya Kilima cha Njovu. Baba alikataa. Alisema ile ni ya Wazungu. Gibson akamwonyesha picha nyingine, yenye mnara. Baba akakaa kwenye ukingo wa tuta lake mwenyewe.

"Babu yangu alichukuliwa vita ile," alisema baadaye. "Kariakoo, kikosi cha wapagazi. Alirudi mguu mmoja haukunjiki. Sisi tulimuuliza habari za bunduki na za Wajerumani, mambo ya watoto. Hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Alijua kazi moja tu duniani, na ni hii." Akapiga jiwe kwa kiganja.

Tulipima matuta matatu ya zamani zaidi: mlalo wa ukuta, urefu wa mawe yaliyozama, umbali kati ya njia za maji. Gibson aliandika mwenyewe. Kwenye ngome umbali kati ya tundu na tundu ni hatua tatu na nusu. Kwenye tuta la babu wa baba ni hatua tatu na nusu.



Ijumaa, 14 Novemba

Jiwe la kwanza. Ofisi imetuma mhandisi wake, mama anayeitwa Daisy, mtaratibu, mwenye maswali mengi. Alisikiliza, akapima mabaki ya ukuta upande wa kulia na wa kushoto, akasema tubandue simiti yote iliyobaki, tufungue matundu, kisha tujenge kama yalivyo, ila nyuma tuongeze kokoto upana wa mkono ili maji yashuke haraka zaidi. Nikakubali, hata baba angekubali.

Alipouliza fundi mkuu ni nani, Mzee Nyongesa alininyooshea kidole. "Huyu. Mimi ninampelekea mawe."

Nilitaka kukataa. Akaniambia kwa sauti ya kwetu wawili, "Fundi, usinifanyie huruma. Nifundishe."

Nimehamia kwa Philister jioni hii.

Jumatatu, 17 Novemba

Mawe sitini na mawili. Mgongo.

Jumatano, 19 Novemba

Nilimwambia Mzee Nyongesa aondoe mawe tisa aliyolaza tangu asubuhi, kwa sababu alikuwa anaanza tena kulaza upande mrefu mbele. Mkono umezoea miaka arobaini. Aliyaondoa yote tisa akaanza upya, mbele ya vijana wote wa kazi. Saa tisa aliniita nikaangalie. Yalikuwa mazuri kuliko yangu, nami nikamwambia.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua ndogo. Ukuta uko kiunoni. Philister hulala saa mbili na huamka saa kumi na moja kusali kwa Kijaluo, na mimi najua jina langu linapopita kwa sababu ndilo neno pekee ninaloelewa. Leo nilimuuliza ananiombea nini. Akasema, "Uwe umesema kweli."

Jumapili, 23 Novemba

Nilidhani Philister ni mtu wa maneno makali tu. Leo ameniambia mumewe alipokufa ndugu walitaka arudi Homa Bay, akakataa, kwa sababu nyumba hii waliijenga wawili, tofali kwa tofali, na yeye ndiye aliyekuwa akichota maji ya kuchanganyia udongo. Ananionyesha kona na kusema, hii nilikuwa na mimba. Ile tulikuwa tumegombana. Sikuwahi kufikiri kwamba chini ya ukuta wangu kuna fundi mwingine.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua. Nusu siku.

Jumanne, 2 Desemba

Tumefika juu. Jiwe la mwisho alilaza Mzee Nyongesa kwa sababu nilimwamuru.

Jumatano, 3 Desemba

Gibson ameleta maneno ya kibao. Yameandikwa: "Ngome hii iliamriwa na jeshi la Uingereza mwaka 1915. Mawe yenyewe yanaonyesha kuwa ilijengwa na wajenzi wa matuta wa milima ya Dawida, ambao majina yao hayakuandikwa."

Nilimuuliza kwa nini asiseme tu ilijengwa na sisi. Nilikasirika kidogo. Kwa nini tena mawe "yanaonyesha"?

"Nikiandika kwa nguvu bila karatasi," alisema, "atakuja mtu na karatasi yake afute. Nikiandika mawe yanaonyesha, atakayetaka kufuta itabidi kwanza aubomoe ukuta wako."

Nikayasoma tena. Nikamwambia ayaache hivyo.

Jumatatu, 8 Desemba

Imeanza saa nne asubuhi. Si mvua ya kunyesha, ni ya kumwagwa. Redio inasema mto Voi umejaa.

Jumanne, 9 Desemba

Bado. Kwa kelele za mabati hatusikilizani. Philister amepika uji akanipa, akakaa akitazama dirisha la upande wa ukuta. Lewis alipiga simu mara nne. Mara ya nne alisema tu, "Niko hapa," wala hakukata simu.

Jumatano, 10 Desemba

Siku ya tatu. Saa tatu asubuhi Philister alivaa mabuti ya marehemu mumewe akafungua mlango. Nikamuuliza anaenda wapi. "Kuangalia," akasema. "Nimechoka kukisia."

Tulitoka wote wawili. Mzee Nyongesa alikuwa tayari pale, amejifunika gunia la plastiki, amesimama mbele ya ukuta katika mvua. Sijui tangu saa ngapi. Alinyoosha mkono kuonyesha chini.

Kwenye matundu yote saba maji yalikuwa yanatoka. Hayakuwa mekundu. Yalikuwa meupe, maji ya kunywa, yanashuka polepole kwenye mfereji tuliochimba na kupita kando ya nyumba kwenda barabarani. Na si matundu tu. Uso mzima wa ukuta ulikuwa unatoa jasho, kila kiungo kina uzi wake wa maji, na hakuna jiwe lililokuwa limesogea hata upana wa kucha. Nilipitisha timazi mara tatu katika sehemu tatu. Nilitafuta kosa, ili nihakikishe nimepima kweli.

Philister aliinama, akakinga maji ya tundu la nne kwa viganja, akayaangalia, akanawa uso.

Nilifikiria wale watu. Waliletwa hapa kwa nguvu, kwa vita ambavyo havikuwa vyao, wakaambiwa na mtu asiyejua majina yao wajenge haraka. Wangeweza kujenga vibaya. Nani angejua? Wangeweza kupanga mawe kama vitabu, yasimame mpaka vita viishe, basi. Walizamisha kila jiwe. Walijengea bunduki za Mzungu kama wanavyojengea mahindi ya watoto wao, kwa sababu hawakujua namna nyingine ya kujenga ila ile ya kudumu. Nilisimama kwenye mvua nikajisikia mrefu. Sijawahi kujisikia hivyo katika maisha yangu, na sitaona haya kuliandika.

Mzee Nyongesa alisema, "Fundi, umeona?"

Nikasema nimeona.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Kibao kimesimamishwa. Baba ameshuka kutoka Bura akiwa amevaa koti la harusi, amebebwa na Lewis kwenye gari la gereji. Hakukisoma kibao. Alienda moja kwa moja kwenye ukuta akaushika, akatembea hatua zote ishirini na nne, mkono juu ya mawe. Pale tulipoanzia sisi na pale pa zamani kuna mshono, nami nilitaka aupite bila kuuona. Alisimama pale pale.

"Hapa ndipo wewe ulipoanza," alisema.

Nikaogopa. Nikauliza amejuaje.

"Mawe yako bado mapya. Vingine vyote ni sawa." Akaendelea kutembea.

Jumapili, 14 Desemba

Philister amenirudisha nyumbani. Nilimwambia ahadi ilikuwa mpaka vuli iishe, na mawingu bado yapo Sagalla. Alikuwa amekwisha kulikunja godoro langu na kulifunga kwa kamba.

"Nyumba ni ndogo," alisema, "na wewe unakoroma. Nenda kwa mumeo. Chumba cha upande wa ukuta nakitaka mimi, ndicho chenye hewa."

Jioni hii, wakati naandika haya, mvua imeanza tena hapa Ikanga. Lewis aliinua kichwa akanitazama. Nimeisikiliza kidogo jinsi inavyopiga mabati, ni kubwa, kisha nikainuka kwenda kugeuza ugali.